Maktaba ya Mtandaoni ya Umoja wa Mataifa: tumeipima kwa kazi ya Jan Kavan

Huduma inayopimwa hapa ni digitallibrary.un.org, maktaba ya mtandaoni inayosimamiwa na Maktaba ya Dag Hammarskjöld ya New York. Ni ya bure, haidai usajili wala barua ya utambulisho kutoka chuoni, na iko wazi usiku na mchana. Kwa mwanafunzi wa Chuo cha Diplomasia pale Kurasini anayeandika tasnifu, au mwandishi wa habari anayetaka kujua mjumbe fulani alitamka nini hasa badala ya kutegemea magazeti ya siku ile, hakuna chombo cha bure kinachoikaribia. Tunalisema hilo mapema kwa sababu sehemu kubwa ya tathmini hii ni mitego yake, na mitego hiyo isimkatishe mtu tamaa.

Kipimo ni kazi ya mtu mmoja, Jan Kavan, mwanadiplomasia na mwanasiasa wa Ucheki aliyekuwa rais wa mkutano wa 57 wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yana kila kitu kinachoisumbua maktaba ya aina hii: nchi iliyobadilika jina, miaka mingi ya uhamishoni, uwaziri, ubunge, na kiti cha urais ambacho humfanya mwenye kukikalia asiitwe kwa jina lake. Tena ni kiti kilekile alichokalia Salim Ahmed Salim mwaka 1979, kwa hiyo msomaji wa Dar es Salaam ana wa kumlinganisha naye.

Kwanza mtu mwenyewe kwa ufupi, maana bila hayo hutajua maktaba imekuficha nini. Kavan alizaliwa London Oktoba 17, 1946. Baba yake, Pavel Kavan, alikuwa mwanadiplomasia wa Chekoslovakia. Mama yake alikuwa Mwingereza. Familia ilirudi Prague, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wimbi la kesi za kisiasa zilizomzunguka Rudolf Slánský, aliyekuwa katibu mkuu wa chama cha kikomunisti, likamkumba baba, akafungwa. Mwana akawa kiongozi wa wanafunzi mwaka 1968, mwaka ambao vifaru vya nchi za Mkataba wa Warsaw viliingia Prague. Mwaka uliofuata alikwenda Uingereza, na huko akaendesha Palach Press, shirika dogo la habari lililotoa nje taarifa za wapinzani wa serikali na kuingiza vitabu nchini kwa siri. Alirudi Novemba 1989, akaingia Bunge la Shirikisho la Chekoslovakia mwaka 1990, Seneti mwaka 1996, na Julai 1998 akawa waziri wa mambo ya nje katika serikali ya Miloš Zeman. Machi 12, 1999, katika mji wa Independence, Missouri, alimkabidhi Madeleine Albright, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, mwenyewe mzaliwa wa Prague, hati za nchi yake kuingia NATO. Siku 12 baadaye NATO ilianza kuipiga Yugoslavia kwa mabomu, na mwezi Mei Kavan pamoja na mwenzake wa Ugiriki wakatoa pendekezo la amani. Kisha ukaja urais wa Baraza Kuu, 2002 hadi 2003.

Maktaba inajua mangapi katika haya? Kipande cha mwisho inakijua kwa ukamilifu wa kustaajabisha, uwaziri inaujua kwa sehemu, na yaliyobaki haina habari nayo. Hilo si kosa lake. Imejengwa kuhifadhi nyaraka za taasisi moja, na anayeikaribia akidhani ni kamusi ya watu mashuhuri atalaumu kitu ambacho hakikuahidiwa.

Sasa kazi yenyewe. Jina la mtu huandikwa kwa mtindo wa wakutubi: jina la ukoo, mkato, kisha jina la kwanza. Andika Kavan, Jan, si Jan Kavan, halafu tumia vichujio kubana matokeo kwa aina ya waraka, chombo kilichoutoa na mwaka. Kuna makusanyo mawili ambayo mtafiti wa diplomasia anapaswa kuyafungua moja kwa moja badala ya kutafuta kila mahali: la hotuba na la takwimu za kura. La hotuba linakupa jina la msemaji, nchi aliyoiwakilisha, mada, na namba ya waraka wa kikao alichozungumzia. Kwa kutafuta alichosema waziri fulani, hilo pekee linaokoa saa nyingi.

Lakini ufunguo halisi wa nyumba hii ni namba ya waraka. Anayezijua namba hahitaji kutafuta kabisa. Waliozoea Taarifa Rasmi za Bunge letu watazielewa upesi, kwa kuwa mpangilio ni uleule: kuna mkutano, na ndani ya mkutano kuna vikao. Chukua A/57/PV.1. Herufi A ni Baraza Kuu. 57 ni mkutano, ule ulioanza Septemba 2002. PV ni kifupi cha Kifaransa cha procès-verbal, yaani hansadi ya neno kwa neno. 1 ni kikao cha kwanza. Ukifungua waraka huo unakuta Septemba 10, 2002: Kavan anaufungua mkutano, anatoa hotuba yake ya kwanza kutoka kitini, na Uswisi inapokelewa kuwa mwanachama wa 190. Azimio lililoipokea ni A/RES/57/1, ambapo RES ni azimio. Songa mbele hadi A/57/PV.2, siku mbili baadaye, unakuta George W. Bush akiizungumzia Iraki mbele ya Baraza lilelile, Kavan akiwa kitini. Septemba 27 ikaja zamu ya Timor Mashariki, A/RES/57/3, mwanachama wa 191.

Ukishaishika namba, acha kupita kwenye sanduku la kutafutia. Andika undocs.org, mkwaju (/), kisha namba nzima, na waraka utafunguka wenyewe. Kwa mtu anayetumia simu na bando la siku, njia hii ni nafuu kuliko kupakia kurasa za matokeo moja baada ya nyingine. Chunga mambo matatu: usiache nafasi ndani ya namba, usisahau nukta baada ya PV, na usichanganye mkwaju na kistari. Ukikosea kimoja utaambiwa waraka haupo, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani haujahifadhiwa.

Angalia pia mkia wa namba. Ukiona Corr.1 mwishoni, huo ni waraka wa masahihisho na peke yake hauna maana; lazima usomwe pamoja na waraka wa asili. Rev.1 ni toleo lililoandikwa upya, kwa hiyo lile la mwanzo limepitwa. Add.1 ni nyongeza. L kabla ya namba ni rasimu: A/57/L.1 na ndugu zake si maamuzi bali ni mapendekezo, na rasimu nyingi hubadilika kabla ya kupitishwa. Tasnifu inayonukuu rasimu kana kwamba ni azimio inaangushwa na msimamizi yeyote aliye makini, na inastahili.

Mtego unaomhusu Kavan hasa ni huu. Rais wa Baraza Kuu anapozungumza, hansadi haiandiki jina lake. Inaandika "The President" basi. Jina lake liko mara moja juu ya ukurasa wa kwanza, pamoja na nchi yake kwenye mabano. Kwa hiyo anayefungua faili na kutafuta neno Kavan ndani yake ataliona pale juu na pale wajumbe wanapompongeza, na atafikiri kwamba mtu huyu alikaa mwaka mzima kimya. Tafuta "The President" badala yake. Na hapo tena utulie, kwa sababu tisa katika kila kumi ya utakayoyapata ni maneno ya utaratibu: namwita mjumbe wa nchi fulani, tunaendelea na ajenda namba fulani, je, hakuna pingamizi. Sauti yake mwenyewe iko kwenye hotuba ya kuufungua mkutano, ile ya kuufunga, na ufunguzi wa mikutano ya ngazi ya juu. Kuna mtego mdogo ndani ya huo mkubwa: kikao kikiongozwa na mmoja wa makamu wa rais, ambao ni 21, hansadi huandika kwamba fulani, makamu wa rais, amekalia kiti. Ukiupita mstari huo bila kuuona, utamnukuu balozi wa nchi nyingine ukidhani ni Kavan.

Mtego wa pili ni uchaguzi wake. Kila anayetafuta jinsi Kavan alivyochaguliwa huenda A/57/PV.1, na hauko huko. Alichaguliwa Julai 8, 2002, ndani ya mkutano wa 56 uliokuwa chini ya Han Seung-soo wa Korea Kusini, kwa hiyo hansadi ya siku hiyo ina namba inayoanza na A/56. Kipindi hicho ndipo Baraza Kuu lilipoanza kumchagua rais mapema badala ya kungoja siku ya ufunguzi. Salim alichaguliwa kwa utaratibu wa zamani, siku mkutano unapofunguliwa, ndiyo maana uchaguzi wake uko mahali ambapo mtu angeutarajia, A/34/PV.1, Septemba 1979. Tofauti hii ina uzito kwa anayesoma kazi ya Kavan. Siku anachaguliwa alikuwa bado waziri wa mambo ya nje. Wiki moja baadaye, Julai 15, serikali ya Zeman ikaondoka, Vladimír Špidla akaunda mpya, na wizara ikaenda kwa Cyril Svoboda. Aliyekalia kiti New York Septemba alikuwa mbunge wa kawaida wa Ucheki. Maktaba haitakwambia hilo popote. Unaligundua kwa kulinganisha tarehe mwenyewe.

Hapa tunataka kusema jambo ambalo huduma yenyewe haiwezi kulisema, nalo linaharibu kazi nyingi za wanafunzi. Azimio lililopitishwa chini ya urais wa Kavan si azimio la Kavan. Rais hapigi kura kwa nafasi hiyo, hatungi maazimio, na nguvu yake iko katika kupanga ratiba, kukutanisha pande zinazovutana, na kuteua wawezeshaji wa mazungumzo. Mkutano wa 57 ulizaa mambo mazito. Tamko kuhusu NEPAD, yaani Ushirikiano Mpya kwa Maendeleo ya Afrika, A/RES/57/2, lilipitishwa Septemba 16, 2002, na kwa msomaji wa Afrika huenda ndilo la kwanza kufungua. Desemba 20 likaja A/RES/57/300 kuhusu mageuzi ya Umoja wenyewe. Juni 23, 2003 likapitishwa A/RES/57/270 B, lililoweka namna ya kufuatilia kwa pamoja maamuzi ya mikutano mikubwa ya kimataifa. Julai 3 likafuata A/RES/57/337 kuhusu kuzuia migogoro ya kivita. Kutoka maazimio hadi mchango wa mtu kuna hatua ndefu. Anza na azimio, rudi kwenye hansadi ya siku lilipopitishwa, soma wajumbe wanaoshukuru wanamtaja nani, kisha tafuta rasimu uone nani waliidhamini. Hapo ndipo mchango wa rais unapoonekana au kutoonekana.

Na vita vya Iraki? Vilianza Machi 20, 2003, katikati ya urais wake, na wengi hutarajia kuvikuta katika nyaraka zake. Kitovu cha mvutano ule kilikuwa Baraza la Usalama, ambalo lina namba zake: S badala ya A, na hakuna namba ya mkutano, vikao vinahesabiwa mfululizo. Kikao ambacho Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alitoa maelezo yake kuhusu Iraki Februari 5, 2003 ni S/PV.4701. Usipoteze bando ukikitafuta ndani ya A/57.

Kusanyo la kura ni zuri mno na pia linapotosha mno. Linaanzia 1946 na linaonyesha kila nchi ilipiga kura gani: ndiyo, hapana, haikuegemea upande, au haikuwepo. Unaweza kuziweka Tanzania na Ucheki pamoja na kuona zilikubaliana wapi. Tatizo ni kwamba linaonyesha kura zilizoandikwa tu. Maazimio mengi ya Baraza Kuu hupitishwa bila kupiga kura, likiwamo lile la kuipokea Uswisi, na hayo hayana jedwali la nchi. Mtu akihesabu kura zilizoandikwa peke yake na kuandika kwamba nchi mbili zinapingana asilimia fulani ya muda, amehesabu ugomvi na kuacha makubaliano. Ukifanya uchambuzi wa namna hiyo, andika wazi kwamba umechambua maazimio yaliyopigiwa kura na kuandikwa, na utaje uliyoyaacha.

Majina ya nchi yanahitaji subira. Chekoslovakia ilikoma mwisho wa Desemba 31, 1992, na Jamhuri ya Cheki na Slovakia zikapokelewa kama wanachama wapya Januari 19, 1993. Tangu 2016 Umoja unatumia pia jina fupi la Kiingereza, Czechia. Anayetafuta kwa jina moja anapata kipande kimoja cha historia. Mtanzania hapaswi kulishangaa hili, maana kwetu ni vilevile: Tanganyika ilipokelewa Desemba 14, 1961, Zanzibar Desemba 16, 1963, zikaungana Aprili 26, 1964, na jina la Tanzania likaanza kutumika baadaye mwaka huohuo. Kura ya Desemba 1962 huipati chini ya jina la Tanzania. Andika kila jina peke yake, weka matokeo kwenye faili tofauti, unganisha mwishoni.

Lugha. Ukurasa na hansadi vinapatikana kwa Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Kiswahili hakimo, na hilo ni pengo la kusikitisha kwa lugha yenye wasemaji wengi kiasi hiki. Msomaji wa pwani aliyesoma Kiarabu vizuri ana njia ya pili ya kuingia, na tunamshauri aitumie kulinganisha. Ila jambo la kuzingatia zaidi liko ndani ya hansadi yenyewe: kila mjumbe anapozungumza kwa lugha nyingine, huwekwa alama ya mlazo kwenye mabano kueleza alitumia lugha gani. Penye alama hiyo unachosoma ni tafsiri. Ukitaka kulipima neno moja kwa uzito, kama vile mjumbe alisema "lazima" au "inafaa", fungua toleo la lugha aliyozungumza.

Tofautisha pia PV na SR. PV ni neno kwa neno. SR ni muhtasari, nao ndio unaotumika kwenye kamati kuu za Baraza Kuu, isipokuwa Kamati ya Kwanza ambayo hupewa PV, na ulitumika kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Geneva. Mwandishi wa muhtasari anaripoti kwamba mjumbe alisema hivi na vile, kwa maneno yake yeye. Usiweke alama za kunukuu kwenye sentensi iliyotoka SR. Kwa kazi ya Kavan hili linagusa sura muhimu: kati ya 1999 na 2001, akiwa waziri, Ucheki iliongoza maazimio ya kuikosoa Cuba kwenye Tume ile, na nyaraka hizo zina namba za familia ya E/CN.4. Ni sehemu inayoonyesha vizuri siasa yake ya nje, yaani mpinzani wa zamani akiwa sasa na dola mkononi, lakini utaisoma kwa muhtasari na kwa hesabu ya kura.

Kadiri unavyorudi nyuma, huduma inazidi kuwa ngumu. Nyaraka za 2002 zilizaliwa kwenye kompyuta, faili ni jepesi na unaweza kutafuta neno ndani yake. Za miaka ya 1970 ni picha za karatasi zilizopigwa chapa, nzito kupakua, na mashine iliyozisoma inakosea herufi, hasa penye wino hafifu. Neno Salim linaweza kusomeka kama kitu kisichoeleweka, ukadhani hakusema lolote. Zisome kwa macho. Namba nazo zilikuwa za mtindo mwingine. Kabla ya mkutano wa 31, mwaka 1976, vikao vya Baraza Kuu vilihesabiwa mfululizo bila namba ya mkutano, na maazimio yalibeba namba ya Kirumi. Usiku wa Oktoba 25, 1971, China ya Beijing ilipopewa kiti na Salim akawa miongoni mwa walioshangilia, uko kwenye A/PV.1976. Hiyo 1976 ni namba ya kikao, wala si mwaka, na imewapoteza wengi. Azimio lake ni 2758 (XXVI), kura 76 kwa 35, nchi 17 hazikuegemea upande. Faharasa ya hotuba, kwa sehemu yake kubwa, inaanzia 1983, kwa hiyo hotuba za Salim za wakati huo hutafutwa kikao kwa kikao. Ni kazi ya mikono, na inalipa.

Turudi kwa Kavan na upande ambao maktaba ni kiziwi. Machi 22, 1991 tume ya Bunge la Shirikisho ilimtaja miongoni mwa wabunge waliodaiwa kushirikiana na polisi wa siri wa zamani. Alikana, akaenda mahakamani, na mwaka 1996 akasafishwa. Miaka hiyo ndiyo iliyoamua atarudi vipi kwenye siasa, na huwezi kuielewa safari yake bila hiyo. Halafu kuna Karel Srba, aliyekuwa katibu mkuu wa wizara chini yake, aliyekamatwa mwaka 2002, wiki chache kabla Kavan hajakalia kiti New York, na baadaye akapatikana na hatia ya kupanga kumuua mwandishi wa habari Sabina Slonková. Kavan hakuwa mshtakiwa katika kesi ile, lakini kwa Wacheki wengi jina la wizara lilibaki na doa. Ukisoma A/57 yote, kikao kwa kikao, hutakutana na neno moja kuhusu haya. Wajumbe wanampongeza rais, wanamshukuru rais, wanamtakia heri rais. Adabu ya ukumbi ule ndiyo hiyo, na mtafiti anayetegemea hansadi peke yake atachora mtu asiye na maadui.

Dawa ni kuambatanisha maktaba hii na tovuti ya Bunge la Ucheki, psp.cz, ambayo nayo ni ya bure na imeweka hansadi za bunge lao, pamoja na za Bunge la Shirikisho la miaka ile. Ni kwa Kicheki tupu. Tafsiri ya mashine inatosha kujua mada na nani anasema, haitoshi kunukuu. Tafuta majina kwa alama zake kamili, Slánský na siyo Slansky, ukikosa ndipo ujaribu bila alama. Nakili herufi hizo kutoka ukurasa wowote na uzihifadhi kwenye simu.

Mambo ya mkononi kwa aliyeko Dar. Fanya utafutaji kwenye kompyuta, chuoni au penye mtandao wa kudumu, kisha tumia simu kwa kupakua namba ulizokwisha kuziandika. Pakua kwanza, soma baadaye. Kusoma hansadi ya kurasa 30 ukiwa mtandaoni ni kuchoma bando bure, na mtandao ukikatika ukiwa kwenye daladala unaanza upya. Badili jina la faili papo hapo, kwa sababu majina yanayokuja nayo hayasemi kitu baada ya wiki: andika 2002-09-10_A-57-PV-1, tarehe mbele, ili yajipange yenyewe. Kwenye steshenari usiprinti waraka mzima kama unahitaji hotuba moja. Hansadi hupangwa safu mbili kwa maandishi madogo, ukiipunguza ili kurasa mbili zikae kwenye A4 moja haisomeki. Printi ukurasa wa kwanza, wenye namba, tarehe na jina la rais, pamoja na kurasa za hotuba yenyewe. Ukikwama, kuna dawati la maswali la maktaba hiyohiyo, ask.un.org, lenye majibu mengi yaliyokwisha kuandikwa, na hapa mjini kuna Kituo cha Habari cha Umoja wa Mataifa.

Katika tanbihi, kiungo cha tovuti kisisimame peke yake. Viungo hubadilika; maktaba yenyewe ilichukua nafasi ya mfumo wa zamani ulioitwa UNBISnet, na tasnifu zilizotegemea viungo vya mfumo ule sasa zinaelekeza pasipo kitu. Namba ya waraka haibadiliki. Taja msemaji na cheo alichokuwa nacho siku ile, namba, tarehe, na ukurasa: kwa Kavan wa Julai 8, 2002 andika waziri na rais mteule, kwa Kavan wa Septemba 10 andika rais wa Baraza Kuu, na kwa hotuba zake za kabla ya hapo, mwakilishi wa Jamhuri ya Cheki.